Sindano za kupunguza uzito: Je, dozi ndogo inatosha kulinda afya?

Na Mwandishi Wetu

MJADALA kuhusu sindano za kupunguza uzito umechukua sura mpya. Miaka michache iliyopita watu walikuwa wakiulizana ni kilo ngapi zinaweza kupungua kwa mwaka mmoja. Sasa wapo wanaouliza kinyume chake: ni kiasi gani kidogo kabisa cha dawa hizo ambacho mtu anaweza kujidunga, hata kama si mnene, ili kuweka sawa sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu?

Desturi hiyo imeota mizizi zaidi nchini Marekani. Huko, kampuni zinazotoa tiba kwa njia ya intaneti zimekuwa zikiinadi dozi ndogo ya semaglutaidi au tirzepataidi kuwa ni kinga ya mwili mzima. Wapo wanaoichagua kwa kuogopa kichefuchefu, wapo wanaoichagua kwa sababu ya bei, na wapo watu wenye miili ya kawaida wanaoamini kuwa itawaongezea miaka ya kuishi. Habari hizo husafiri kwa simu za mkononi, na msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huzipokea siku ileile na yule wa Chicago.

Madai hayo si ya kupuuzwa, kwani ndani yake mna ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo unahusu jambo moja na biashara inafanyika kwa jambo jingine.

Neno moja, mambo matatu

Anayesema "dozi ndogo" anaweza kuwa na maana yoyote kati ya tatu, nazo zinatofautiana sana.

Kwanza ni dozi ya kuanzia. Semaglutaidi, ambayo huuzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, huanzishwa kwa miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 4. Tirzepataidi, yaani Mounjaro na Zepbound, huanzishwa kwa miligramu 2.5. Viwango hivyo vimewekwa ili tumbo lizoee dawa kabla ya kupandishwa ngazi. Maelezo rasmi ya Ozempic yanatamka waziwazi kuwa miligramu 0.25 si dozi ya kudhibiti sukari.

Pili ni dozi ya chini iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kudumu. Mgonjwa wa kisukari aina ya pili anaweza kubaki kwenye Ozempic ya miligramu 0.5 iwapo sukari yake imetulia, ingawa dawa hiyo hupanda hadi miligramu 2. Kwa Zepbound, dozi za kudumu ni miligramu 5, 10 au 15. Anayepata nafuu kwa miligramu 5 na daktari wake akaridhika, hana sababu ya kupanda ngazi kwa ajili ya kupanda tu.

Tatu ni dozi iliyo chini ya ngazi yenyewe, au ya kuanzia ambayo mtu hubaki nayo miezi na miezi, mara nyingi bila ugonjwa wowote uliopimwa. Hii ndiyo inayonadiwa, na hii ndiyo ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) haijaiidhinisha kwa matumizi yoyote. Matangazo mengi hutumia utafiti uliofanywa kwa dozi ya pili, na wakati mwingine kwa dozi kubwa kabisa, kuuza dozi ya tatu.

Homoni ya utumbo

Dawa hizi zinaiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo huitoa mara mtu anapokula. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini wakati sukari imepanda, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na huujulisha ubongo kuwa mtu ameshiba. Ilitambuliwa katika miaka ya 1980 kwa kazi za watafiti kadhaa, miongoni mwao Svetlana Mojsov na Joel Habener wa Boston na Jens Juul Holst wa Copenhagen.

Shida ya GLP-1 ya asili ni kwamba mwili huivunja ndani ya dakika chache tu. Lotte Bjerre Knudsen na wenzake wa kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark waliifungia homoni hiyo mnyororo wa asidi ya mafuta ili ishikamane na protini ya damu na kudumu zaidi. Kwa njia hiyo ilipatikana liraglutaidi, ya kudungwa kila siku, na baadaye semaglutaidi, ambayo huchukua takriban wiki nzima kupungua kwa nusu mwilini. Mwaka 2024 Habener, Mojsov na Knudsen walitunukiwa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Ozempic iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari, na Wegovy, yenye dawa ileile kwa dozi ya hadi miligramu 2.4, ikaidhinishwa Juni 2021 kwa ajili ya unene. Tirzepataidi, ambayo huiga pia homoni ya pili ya utumbo iitwayo GIP, ilifuata mwaka 2022 kwa kisukari na mwaka 2023 kwa unene.

Kwa kuwa semaglutaidi hukaa mwilini muda mrefu, sindano ya wiki hii hukuta mabaki ya ile ya wiki iliyopita. Kiwango chake kwenye damu hutulia baada ya wiki 4 hadi 5 za dozi ileile. Hivyo anayejidunga leo na kusema kesho kuwa amepata nguvu mpya anaeleza matumaini yake zaidi kuliko kazi ya dawa.

Kidogo hufanya nini?

Hapa ndipo watetezi wa dozi ndogo wanapokuwa na hoja, na haki inataka isikilizwe.

Katika utafiti uitwao SUSTAIN 1, uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 388 wa kisukari waliokuwa wakitegemea chakula na mazoezi pekee waligawanywa kwa kura. Baada ya wiki 30, waliodungwa miligramu 0.5 za semaglutaidi walishusha kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kwa pointi 1.45 za asilimia. Waliodungwa mara mbili ya hapo, yaani miligramu 1, walishusha pointi 1.55. Dawa iliongezwa maradufu, faida kwenye sukari ikaongezeka kidogo mno. Kwenye uzito tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kilo 3.7 dhidi ya kilo 4.5.

Maana yake ni kwamba sukari huitikia dozi ya chini mapema, wakati uzito huendelea kudai dozi kubwa. Jambo hilo madaktari wa kisukari wamelijua kwa muda mrefu, nalo ndilo msingi bora wa hoja ya dozi ndogo.

Upo pia utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet, ambao hautajwi sana ingawa ndio unaokaribia zaidi kinachozungumzwa leo. Watu 957 wenye unene na wasio na kisukari walipewa semaglutaidi kila siku kwa wiki 52 katika viwango mbalimbali, wote wakipewa na ushauri wa chakula na mazoezi. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa miligramu 0.05 kwa siku, ambayo ni sawa na miligramu 0.35 kwa wiki. Waliopata kiwango hicho walipunguza wastani wa asilimia 6.0 ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa walipunguza asilimia 2.3, na waliopata kiwango cha juu, miligramu 0.4 kwa siku, walipunguza asilimia 13.8.

Asilimia 6 inaweza kuonekana ndogo kwa aliyesikia habari za watu kupungua kilo 20. Kitabibu si ndogo. Mradi mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, ulihusisha watu 3,234 waliokuwa hatarini kupata ugonjwa huo. Waliopangiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metfomini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, waliupunguza kwa asilimia 31.

Mtu anaweza basi kuunganisha nukta hizo na kusema: ikiwa dozi ndogo inapunguza asilimia 6 ya uzito, na asilimia 7 inazuia kisukari, basi dozi ndogo inazuia kisukari. Huenda ikawa kweli. Lakini waliopungua mwaka 2002 walipungua kwa kutembea na kubadili chakula, na faida ya kutembea haimo kwenye kichupa.

Tirzepataidi nayo inafundisha kitu. Katika utafiti wa SURMOUNT-1 wa mwaka 2022, uliohusisha watu 2,539 kwa wiki 72, dozi ya chini kabisa iliyopimwa, miligramu 5, ilipunguza wastani wa asilimia 15.0 ya uzito. Dozi ya miligramu 15 ilifikisha asilimia 20.9. Kwa hiyo ngazi ya kwanza ya kudumu ya tirzepataidi inaikaribia kabisa dozi kamili ya semaglutaidi, iliyopunguza asilimia 14.9 katika utafiti wa STEP 1. Anayezungumzia "dozi ndogo" bila kutaja ni ya dawa gani hajasema kitu.

Moyo na figo ni habari nyingine

Matangazo hayaishii kwenye sukari. Huahidi kulinda moyo, figo, ini, na kupunguza uvimbe wa ndani ya mwili. Ahadi hizo zimetoka kwenye tafiti kubwa na za kweli, ila inafaa kutazama waliodungwa ni akina nani na walidungwa kiasi gani.

Utafiti wa SELECT, uliotolewa mwaka 2023, ulihusisha watu 17,604 katika nchi 41. Wote walikuwa na umri wa miaka 45 au zaidi, uzito uliozidi, na ugonjwa wa moyo au mishipa uliokwishathibitishwa, lakini hawakuwa na kisukari. Semaglutaidi ilipunguza vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa asilimia 20: vilimpata mtu 1 katika kila 15 hivi kwenye kundi la dawa, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 13 kwenye kundi jingine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kuwa faida hiyo haikutegemea sana kilo ambazo mtu alipunguza. Wauzaji wa dozi ndogo huishikilia sana hoja hiyo wakidai kuwa, kama si kilo zinazoponya, basi hakuna haja ya dozi ya kupunguza kilo. Wanasahau kusema kwamba dozi iliyolengwa katika utafiti huo ilikuwa miligramu 2.4, ile kubwa.

Kwa wagonjwa wa kisukari ushahidi unashuka chini zaidi. Utafiti wa SUSTAIN-6 wa mwaka 2016, uliotumia miligramu 0.5 na 1 kwa watu 3,297, uliona matukio kama hayo ya moyo na mishipa yakipungua kwa asilimia 26. Ule wa FLOW, wa mwaka 2024, ulitumia miligramu 1 kwa watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, na ukaona hatari ya figo kuharibika vibaya au mtu kufa kwa sababu ya figo au moyo ikipungua kwa asilimia 24.

Chini ya miligramu 0.5 kwa wiki, hakuna utafiti mkubwa wa namna hiyo uliohesabu mishtuko ya moyo, figo zilizokufa au miaka iliyoongezeka. Kwa mtu mwenye uzito wa kawaida, sukari ya kawaida na shinikizo la kawaida, hakuna kwa dozi yoyote. Anayelipia dozi hiyo kwa ajili ya maisha marefu analipia matumaini, na ni haki yake kujua hivyo kabla ya kutoa fedha.

Yuniti, miligramu na mililita

Pamoja na hayo, hatari kubwa ya dozi ndogo huenda isiwe kwenye dawa bali kwenye namna inavyopimwa.

Kalamu halali za dawa hizi zimetengenezwa kutoa dozi zilizopangwa. Anayetaka kiasi kidogo zaidi hulazimika ama kuihadaa kalamu, kwa kuhesabu mibofyo ya kitufe chake, ama kununua dawa ya kwenye kichupa na kuivuta kwa bomba la sindano la insulini. Vichupa hivyo vilienea Marekani kwa sababu dawa za asili ziliadimika kuanzia mwaka 2022, na sheria za huko huwaruhusu wafamasia kuchanganya wenyewe dawa iliyo adimu. FDA ilitangaza kuwa uhaba wa tirzepataidi umekwisha Desemba 2024, na wa semaglutaidi Februari 2025. Mlango huo ukabanwa, lakini biashara ilikwishazoeleka.

Bomba la insulini limegawanywa kwa yuniti, na yuniti 100 ni mililita 1. Dawa hupimwa kwa miligramu. Kinachounganisha viwili hivyo ni ukali wa dawa iliyomo kwenye kichupa, nao hutofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Tuseme mtu ameambiwa ajidunge miligramu 0.25, naye akavuta hadi alama ya 25 akidhani ndiyo hiyo. Kama kichupa kina miligramu 5 kwa kila mililita, amejidunga miligramu 1.25, yaani mara 5 ya alichoandikiwa. Julai 2024 FDA ilitoa tahadhari kuhusu makosa ya aina hiyo, ikieleza kuwa wapo waliojidunga kati ya mara 5 na mara 20 ya dozi iliyokusudiwa. Baadhi yao walilazwa hospitalini kwa kutapika na kuishiwa maji. Kwa kuwa dawa hukaa mwilini wiki nzima, aliyezidisha hawezi kuitoa. Atateseka nayo mpaka ipungue yenyewe.

Kalamu nazo zina mipaka isiyozungumzwa. Kwa maelekezo ya Marekani, kalamu ya Ozempic iliyokwishafunguliwa inatakiwa itupwe baada ya siku 56, hata kama imebaki na dawa, na katika muda huo isikae kwenye joto linalozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Kalamu ya Mounjaro yenye dozi nne hutupwa baada ya siku 30. Ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Anayepunguza dozi ili kalamu moja imfae miezi sita anadunga dawa ambayo mtengenezaji hathubutu kuidhamini. Na anayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anajua kwamba kuanzia Januari hadi Machi joto la chumbani lisilozidi nyuzi 30 ni jambo la kutamani tu, hasa umeme unapokatika.

Lipo jingine, nalo ni la hatari zaidi. Dozi ndogo huwafanya ndugu au marafiki wawili waone kalamu moja inawatosha. Wakibadilisha sindano, hudhani wamekuwa salama. Sivyo. Damu huweza kurudi nyuma ndani ya kalamu kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini havihitaji zaidi ya hapo. Maelezo ya dawa hizi zote yanakataza kuchangia kalamu, hata sindano ikibadilishwa. Vichupa vilivyotengenezwa kwa dozi moja navyo mara nyingi havina dawa ya kuzuia vijidudu. Kukichoma leo, kukirudisha kwenye jokofu na kukichoma tena wiki ijayo ni kukaribisha maambukizi.

Bandia nazo zipo. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitahadharisha kuhusu Ozempic za kughushi zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kwa hapa kwetu, mwenye mamlaka ya kusema dawa ipi imesajiliwa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Muuzaji anayeleta kichupa mlangoni kwa pikipiki, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, hana cha kuonyesha katika hayo.

Dozi ndogo haina maana ya madhara madogo

Ni kweli kwamba kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo hupungua dozi inapopungua. Ndiyo sababu ngazi iliwekwa. Lakini si kila madhara hufuata ngazi hiyo.

Katika SUSTAIN-6, uliotumia dozi za chini za semaglutaidi, matatizo ya retina ya jicho yatokanayo na kisukari yaliwapata asilimia 3.0 ya waliodungwa dawa, dhidi ya asilimia 1.8 ya wengine. Wengi wao walikuwa na macho yaliyokwishaathirika, na sukari iliyoshuka kwa kasi inadhaniwa kuwa ilichangia. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anapaswa kupimwa macho kabla ya kuanza, hata kama dozi yake ni ndogo. Aidha, Juni 2025 Shirika la Dawa la Ulaya (EMA) lilihitimisha kuwa semaglutaidi inaweza kusababisha ugonjwa adimu wa mshipa wa fahamu wa jicho, unaoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10,000 wanaoitumia.

Dawa hizi hazipaswi kabisa kutumiwa na mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua aina ya saratani ya tezi ya shingo iitwayo medula. Aliyewahi kuugua kongosho au mawe ya kibofu cha nyongo amweleze daktari mapema. Mwanamke anayetaka kushika mimba aache semaglutaidi angalau miezi 2 kabla. Na hili wengi hawalijui: tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo watumiaji wake hushauriwa kutumia kinga nyingine kwa wiki 4 za mwanzo na wiki 4 baada ya kila dozi kupandishwa. Anayedhani anajidunga kidogo tu huenda asione haja ya kusoma hayo.

Mwenye uzito wa kawaida anapoteza kitu kingine pia. Sehemu ya kilo zinazopungua ni misuli, na misuli ndiyo inayotumia sukari nyingi mwilini. Kwa mzee mwembamba, biashara hiyo ni ya hasara.

Nani basi anafaa?

Katika miji yetu kitambi kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya mambo kunyooka, na mtu aliyepungua huulizwa anaumwa nini. Huenda ndiyo sababu wengi hawajui hali yao mpaka kiharusi kipige hodi. Kabla ya kuuliza dozi, mtu aulize vipimo. Madaktari hutazama mambo matano: mzunguko wa kiuno, shinikizo la damu, sukari kabla ya kula, aina ya mafuta iitwayo trigliseridi, na lehemu nzuri. Kwa vigezo vinavyotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kiuno cha kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke ni cha kutiliwa mashaka. Shinikizo la kuanzia 130 kwa 85, au sukari ya kuanzia milimoli 5.6 kwa lita kabla ya kula, ni dalili nyingine. Futi kamba ya fundi cherehani na kipimo cha shinikizo vinatosha kuanzia.

Aliyekutwa na kisukari aina ya pili, hasa akiwa na ugonjwa wa moyo au figo, ana sababu nzuri ya kuzungumza na daktari wake kuhusu dawa hizi, na dozi ya miligramu 0.5 au 1 ya semaglutaidi inaweza kumtosha. Septemba 2025 WHO iliziingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kundi hilo wenye unene. Desemba mwaka huohuo ikatoa mwongozo kuhusu matumizi yake kwa watu wazima wenye unene, kwa masharti na sambamba na ushauri wa chakula na mazoezi.

Aliyekwishapungua kwa dozi kubwa na sasa anataka kushuka ngazi ana swali halali pia. Inafahamika kuwa kuacha ghafla hurudisha kilo: katika ufuatiliaji wa STEP 1, mwaka mmoja baada ya kuacha dawa, washiriki walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Kushuka polepole chini ya uangalizi, huku mizani na sukari vikipimwa, ni jambo ambalo madaktari wengi wa Marekani wanalifanya sasa.

Aliyekutwa na sukari iliyopanda kidogo tu, bado hajawa mgonjwa, ana metfomini na ana miguu ya kutembea, na vyote viwili vimepimwa kwa kazi hiyohiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kuhusu bei, ambayo ndiyo iliyowasukuma wengi kupunguza dozi, mambo yanabadilika. Bei ya orodha ya Wegovy nchini Marekani ilikuwa ikikaribia dola 1,350 kwa mwezi, lakini mwishoni mwa mwaka 2025 mtengenezaji aliishusha hadi dola 349 kwa wanaolipa taslimu. Mwaka 2026 ndio uliopangiwa hataza ya semaglutaidi kwisha India na China, nchi ambazo dawa zake nyingi hufika Afrika Mashariki.

Msomaji ambaye tayari anatumia dozi yake ya kujipimia asiache insulini wala vidonge vyake vya kisukari kwa sababu hiyo. Aende kliniki na kichupa au kalamu yenyewe, tarehe alipoifungua, na idadi ya yuniti anazovuta, si miligramu anazodhani anajidunga. Na kama amepangiwa upasuaji, amwambie daktari wa usingizi mapema, hata kama dozi ni ndogo, kwani dawa hii hukawiza chakula tumboni na kilichobaki huweza kuingia kwenye mapafu mgonjwa akiwa amelala.